Kilio cha Roboti

Kwenye treni ya kwenda Sendai, Bi Kinuyo aliwasikia abiria wawili wasiojuana wakibishania katuni ya roboti. Sauti ya roboti huyo ilikuwa yake, ingawa tangu katuni ikatishwe hakuigiza tena.

"Binti, ilikosa watazamaji, ndiyo maana wakaikatisha," alisema mzee mmoja. "Roboti analia kama paka aliyebanwa na mlango!"

"Mzee wangu, acha hizo!" alijibu msichana aliyekaa naye. "Iliporudiwa, darasa zima tuliiangalia. Kile kilio kiliniliza."

Bi Kinuyo akashindwa kuvumilia. "Ulilia kweli, mwanangu?"

"Kweli, bibi. Mpaka mama akazima televisheni."

"Hata mimi nililia kweli siku ile tukirekodi kile kilio."

Mzee akamtazama, kisha akaguna. "Basi mko wawili."

Treni ikasimama, wakashuka wote watatu, ubishi haujaisha.