Magongo Yangu Yalitundikwa Kanisani

Niacheni niongee nikiwa nimeketi, ndugu zangu. Nimesimamishwa vya kutosha maishani.

Mwaka ule kwenye shoo ya kilimo hapa Kakamega, wafanyabiashara fulani walileta mashine ya kuvaa kichwani. Ni kofia nzito, inafunika macho, ndani yake kuna sinema. Lakini hii sinema unaingia wewe mwenyewe: ukigeuza shingo, dunia yote inageuka nawe. Kijana wa mashine akaniangalia miguu, hii iliyolemazwa na polio nikiwa mtoto, akasema, "Pole dada, hii ni ya watu wa kusimama." Binamu yangu akamjibu, "Basi tutamsimamisha." Wakanibeba, wakanifunga kwa leso kwenye chuma cha mashine kinachozunguka kiuno. Magongo yangu wakayaegemeza pembeni.

Wakanivika kofia, nikainamisha kichwa. Wacha niwaambie ukweli: nikaona miguu miwili imenyooka, tena ni yangu! Nikalia, jamani. Nikalia kwa sauti.

Sasa, karibu na hapo kulikuwa na mkutano wa injili. Watu wakaona kiwete amesimama bila magongo, machozi yanamtiririka chini ya kofia. Si mnatujua sisi watu wa huku? "Amepona! Amepona!" Mhubiri akaja mbio na kipaza sauti. Magongo yangu yakainuliwa juu, yakaondoka na nyimbo. Leso ilipofunguliwa nilianguka kifudifudi kwenye tope, na hakuna aliyegeuka. Walikuwa wanafuata magongo.

Nawaambia, mateso ndiyo yalianza hapo. Mama yangu mzazi alikataa nitengenezewe mengine. "Ukishika gongo tena utakuwa umemtukana Mungu," akasema. Fundi wa mbao pale Khayega naye akasema hawezi kuharibu kazi ya Bwana. Nikawa naendanga choo nikitambaa, mvua ikininyeshea, kuku wakinipita. Majirani wananikuta hapo chini wananiuliza, "Imani uliipoteza wapi?" Nilitamani kufa. Sisemi kwa utani.

Halafu mwenzetu mmoja, simtaji, yuko hapo nyuma na baiskeli yake ya magurudumu matatu, akafika kwetu. Akatazama magoti yangu yalivyochubuka, akaguna.

"Magongo ni ya nani?"

"Yangu."

"Yako wapi?"

"Yametundikwa kanisani, juu ya madhabahu."

"Panda."

Ilikuwa Jumapili. Mhubiri aliponiona mlangoni akafurahi sana. "Dada yetu aliyeponywa, njoo utoe ushuhuda!" Nikaenda. Kwa magoti. Wimbo ukazima benchi baada ya benchi nilivyokuwa nikipita. Nikamwomba magongo yangu. Akainama, akaninong'oneza, "Dada, unaniaibisha. Imani yako ni ndogo." Mimi sikunong'ona. "Imani ninayo, mchungaji! Nataka kwenda choo!"

Ndipo mama yangu, na uzee wote ule, akapanda juu ya benchi, akayatoa ukutani, akanisukumia kwapani. Hakuniomba msamaha. Mpaka leo hajaniomba, na nimeacha kungoja.

Asante sana, wewe wa baiskeli. Asanteni nyote wa kikundi hiki chetu cha walemavu, mliokuja kuketi nami wakati kijiji kizima kilisema nimerudisha muujiza kama nguo iliyonibana. Bila nyinyi ningekuwa bado natambaa.

Mashine ilirudi shoo iliyofuata. Huyu huyu wa baiskeli alimgombeza yule kijana mpaka akatafuta kiti. Nikavaa kofia nikiwa nimeketi, kama binadamu. Nikatazama chini: miguu ni ile ile, imenyooka. Nikamwambia, "Kijana, kiti nimekiona, asante. Sasa mbona humu ndani sina magongo?" Akacheka. Akasema waliotengeneza hawakudhani mtu kama mimi angetaka kujiona.

Basi somo langu ni hilo tu, ndugu zangu. Anayetaka kutusaidia, awe na mashine au awe na maombi, atuulize kwanza. Mimi nilivua kofia ya yule kijana nikamrudishia, nikachukua magongo yangu, nikaenda zangu.