Koleo Anastaafu, Jino Lake Bado Liko Kazini

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na mitano ya kuinamia vinywa vya watu, daktari wetu wa meno, anayejulikana na wote kama Koleo, atavua koti jeupe na kwenda nyumbani. Jina hilo alipewa na wagonjwa miaka ile ya mwanzo, na halikuwa la kumsingizia. Aliyekuja analalamika jino alirudi bila jino na bila malalamiko.

Alianzia ghorofa ya pili ya hospitali yetu hii. Uongozi wa wakati huo, kwa hekima ambayo hadi leo hatujaifikia, uliona ni vyema wazee wenye magoti mabovu wapande ngazi wakaonyeshe meno. Waliofika juu walikuwa wamechoka kiasi cha kutohitaji ganzi. Koleo akaomba ahamishiwe chini, akajibiwa kwamba suala lake linashughulikiwa. Lilishughulikiwa kwa uangalifu mno, maana miaka ilipita. Mwishowe aliwaita mafundi wa karakana, wakakiteremsha kiti wenyewe hadi stoo ya ndoo na mafagio. Ndicho chumba cha meno mnachokiona leo, na ndiyo sababu kinanukia sabuni ya sakafu.

Humo alianzisha kliniki ya wazee ya kila Alhamisi. Niruhusuni nifafanue kidogo. Wengi wetu huamini kwamba meno hutoka kwa sababu ya umri, kama vile nywele zinavyoota mvi. Sivyo. Hutoka kwa sababu ya kuoza na ugonjwa wa fizi, na yote mawili huzuilika. Dawa nyingi wanazomeza wazee, zikiwamo baadhi ya zile za presha, hukausha mate, na kinywa kikavu huoza upesi. Hata asiyebakiwa na jino hata moja bado ana fizi na ulimi vya kuangaliwa. Somo hili linalonichukua aya nzima, Koleo alilimaliza kwa pumzi moja siku mzee mmoja alipomwambia, "Daktari, meno yameenda na umri, yaache tu."

"Mzee wangu," akamjibu, "masikio yako yaliyatangulia meno yako duniani. Mbona hayajadondoka?"

Kisha kuna yule bibi aliyekataa chakula cha mkwe wake. Ukoo ulikaa kikao. Shangazi mmoja akasema mkwe ana mkono mchungu, mwingine akasema bibi amechoka kuishi, na mkwe akalia mpaka akapoteza sauti. Kwa kuwa waliokaa pale walikuwa wajuzi watupu, hakuna aliyefikiria kumwambia bibi afungue kinywa. Koleo alimwambia. Chini ya meno bandia aliyoletewa na wanawe akakuta kidonda kama punje ya hindi.

"Mama, mbona hukusema?"

"Mwanangu, haya ni meno ya kupokelea wageni. Wanangu wamenipa kwa furaha, nitawaambiaje kwamba yananing'ata?"

Meno yakachongwa upya, bibi akala, na mkwe akasamehewa kosa ambalo hakulitenda, jambo ambalo wakwe wamelizoea.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo mstaafu wetu angependa tuliruke. Mtaalamu huyu aliyechungulia vinywa vya mji mzima anacho kimoja ambacho hajapata nafasi ya kukishughulikia. Kwa miaka miwili anatafuna upande wa kushoto tu, na anadhani hatujui. Wakati wa chai huichovya biskuti mpaka ijisalimishe, kisha huipeleka kushoto taratibu kama anayemvusha mtoto barabara. Akiulizwa husema, "Hilo jino nalijua, tumeshazoeana." Akibanwa hutukumbusha kwamba mganga hajigangi, methali ambayo wahenga waliitoa kwa masikitiko na yeye ameigeuza cheti cha ruhusa.

Mwezi uliopita alicheka mno kikaoni, naye daktari kijana atakayemrithi, binti aliyemfundisha mwenyewe, alikuwa amekaa upande wa kulia. Akaliona gego lililotoboka. Alichotuambia baadaye hakikuwa mzaha: likitibiwa sasa huenda likabaki, likiendelea kungojewa litatoka, na jirani yake yumo hatarini. Ni maneno yaleyale ambayo Koleo amewaambia wazee kila Alhamisi, tena kwa ukali.

Kwa hiyo, idara nyingine zinapowaaga watu wao kwa saa ya ukutani, ili asiye na pa kwenda ajue amechelewa, sisi tumemwandalia mzee wetu nafasi ya kwanza ya Alhamisi yake ya kwanza ya kustaafu, kwenye kiti kilekile. Ameshaanza kutoa udhuru: ana safari, ana shamba, ana mgeni. Zote tunazijua, kwani ni za wagonjwa wake, na ametusimulia miaka yote hii huku akizicheka. Binti ameahidi kumpokea kwa maneno aliyorithi kwake: "Shikamoo mzee. Fungua kinywa, funga maneno."

Asante, Koleo. Wako wazee katika mji huu wanaotafuna nyama bila kukumbuka kwamba iliwahi kuwashinda, na kusahau kwao ndiyo sifa yako. Tunakutakia umri mrefu, na meno yako mwenyewe ya kuutafunia. Lile koleo la zamani bado liko kwenye droo. Wahi Alhamisi, libaki humohumo.