Meno ya Anselme

Jongeeni, wanangu, maana sauti yangu imekuwa nyembamba na sina pumzi ya kurudia maneno. Honorine, acha hiyo supu, haitaungua, njoo ukae. Anselme, sogea nikuone, usisimame mlangoni kama mtu aliyekuja kuomba moto kwa jirani. Nawe bwana mwandishi wa hati, chovya kalamu. Akili yangu ni timamu, kinachokufa ni mapafu tu.

Mali haina maneno mengi. Karakana na nyundo zake ni ya Anselme, aliyeitolea jasho. Nyumba na ng'ombe ni vya Honorine. Shamba la bondeni, lile lililokuwa la watawa, ligaweni nusu kwa nusu, kwani sheria aliyotuachia Kaisari haimjui kifungua mimba wala kitinda mimba, mwanamume wala mwanamke, na mimi siivunji. Padri akisema mlirudishe, mwambieni baba yenu alilinunua mnadani, serikali ilipouza mali ya kanisa, mchana kweupe, kila mtu akiona.

Msinione namtaja Kaisari mkadhani nimeanza kuweweseka. Nyinyi hamkuyaona ya zamani. Njiwa wa bwana wa ngome walikuwa wakishuka kula mbegu zetu, na aliyewarushia jiwe alifungwa. Babangu alisimama kofia mkononi, akiangalia ndege wanavyokula mkate wa watoto wake. Ndipo yakaja Mapinduzi, mfalme akakatwa kichwa, wafalme wa jirani wakatujia juu kama nyuki, nami nikamwacha mama yenu na mimba ya Anselme nikaenda vitani kuwapigilia farasi wa jeshi nali, vile viatu vyao vya chuma. Tukapewa jenerali kijana, mtoto wa watu wasio na kitu, ndiye huyo aliyekuja kuwa Kaisari. Tuliingia Italia pekupeku, tukatoka tumevaa viatu vya maadui. Miaka kumi na miwili nilimfuata, nikamwona mara mbili, zote mbili mgongo. Alipojivika taji nilisema, haya, na avae, amelifanyia kazi. Alikuwa akiingia miji mikuu ya watu kama mtu anayeingia jikoni kwake, nasi nyuma yake, wana wa wakulima, tukijiona wafalme. Haki ya Mungu sitamtukana. Alitufanya watu.

Lakini mpanda ngazi hushuka, na yeye alishuka akikanyaga watoto wetu. Risasi ilipoula mguu wangu nilirudi hapa, na kaka yenu Firmin alipoitwa jeshini nilimsindikiza hadi darajani huku naimba. Mimi, babake! Theluji ya Urusi ikammeza, na hadi leo sijui amelala wapi. Mama yenu hakumaliza mwaka.

Sasa andika, bwana, na uandike vizuri.

Mwaka uliofuata kura ya kuchagua vijana wa kwenda vitani ikaja tena. Anselme alichota namba mbaya, na Léger, mchumba wako Honorine, akachota mbaya vilevile. Walirudi wameshikana mabega, utepe kwenye kofia, wanaimba. Sikiliza hapo, binti yangu: ndugu yako alikuwa anaimba. Alitaka kwenda. Nilimwita karakanani, nikamnywesha pombe kali ya zabibu mpaka miguu ikalegea, nikamkalia kifuani, nikachukua koleo na kumng'oa meno manne ya mbele. Askari asiye na meno hawezi kung'ata karatasi ya baruti aipasue ajaze bunduki, na asiyeweza kung'ata hawamtaki. Aliniambia, "Baba, niache niende na Léger." Sikumwacha. Tukasema farasi alimpiga teke. Daktari wa jeshi akasadiki. Kijiji hakikusadiki, kikasema amejing'oa mwenyewe kwa woga.

Léger alikwenda, hakurudi. Nawe, Honorine, tangu habari ile ifike, miaka kumi na sita sasa, unampikia ndugu yako, unamfulia, na hujamtupia neno hata moja. Nilikuwa nakula katikati yenu kila siku, nikitafuna na kunyamaza.

Mwanzoni niliogopa jela. Kaisari alipoanguka hofu ikaisha, ningeweza kusema. Sikusema. Kisa? Pale kilabuni nilikuwa na kiti changu, mimi askari wa Italia, watu wananimiminia divai nisimulie. Mtu kama huyo angemng'oa mwanawe meno kwa koleo? Siku ilipofika habari kwamba Kaisari amefia kisiwani alikofungwa, tulikuwa tunalia, na mmoja akamgeukia Anselme, "Wewe Kibogoyo unalia nini? Baruti hukuweza kuitafuna, machozi utayaweza?" Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Anselme alinitazama, akalipa divai yangu, akatoka. Hakunisema kwa mtu, si siku ile wala nyingine.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Jumapili, bwana mwandishi, watu wakitoka misani, panda ngazi za kanisa uyasome haya yote, na jina langu ulitaje mara mbili. Wanaotaka kutema mate waje kaburini kwangu, njia wanaijua.

Usilie, Anselme. Sikuombi unisamehe, sina uso huo. Ningemng'oa na Firmin, ningekuwa na akili mapema. Hilo nalisema bila kujuta. Najuta kunyamaza.

Honorine... chukia, mama, una haki. Ila nichukie mimi. Sijui kama Léger angepona ndugu yako angekuwa ubavuni mwake. Nimejiuliza miaka yote hiyo... sijui.

Maji kidogo. Hapo, yatosha.

Mungu awape mvua kwa wakati wake. Awape uzee wenye watu. Mkono wangu huu... Anselme, uweke wewe kichwani pako, mimi siwezi kuunyanyua. Naam. Nimekubariki. Na wewe, binti yangu. Inama.

Bado moja. Honorine, sema na ndugu yako, nisikie. Lolote. Hata mwambie afunge mlango, hata... hata mtukane.

Nangoja.

Eh? Umesema nini? Sema tena, masikio...

"Anselme, supu imepoa, nikupashie moto?"

Amesema. Bwana, umemsikia? Amemwita jina. Mjibu, baba. Mjibu dada yako... mjibu...