Wekoye na Santuri Isiyokuwa na Mwimbaji

Mulembe kwenu nyote, na asalaam aleikum kwa rafiki zetu waliotoka Kitale alfajiri kuja hapa Kamukuywa, familia imenituma mimi, dada yake Nasimiyu, niwasomee maisha ya ndugu yetu, nanyi mvumilie sauti ikikwama.

Protus Wekoye Wanyonyi alizaliwa tarehe 14 Machi 1978 katika boma hili hili, kitinda mimba wa Mzee Wanyonyi, ambaye alitangulia mbele za haki, na Mama Nangila, aliyeketi hapo mbele, baba akiwa mtu wa kukaa kibarazani tangu chai ya saa kumi hadi giza bila kufungua mdomo, kisha angurume mara moja hadi kuku wapande miti, kisha anyamaze tena, nasi watoto tulimwogopa zaidi akiwa kimya.

Marehemu alianza masomo mwaka 1985 katika shule ya msingi ya hapa nyumbani, akamaliza sekondari mjini Bungoma mwaka 1996, akisifiwa kwa hesabu na kulaumiwa kwa kujibu salamu nusu nusu, akasomea upimaji wa ardhi Nairobi, na mwaka 2002 akaajiriwa na serikali kule Kitale, kazi ya kusimama katikati ya ndugu wawili wanaogombania mpaka, kila mmoja akipaza sauti kumshinda mwenzake, na ndiyo sababu, alivyomweleza mkewe, akifika nyumbani jioni hakutaka tena kusikia binadamu akieleza jambo lolote.

Tarehe 15 Desemba 2007 alifunga ndoa na Gladwell, binti wa wakulima wa tumbaku wa Malakisi, wakajaliwa Ivy mwaka 2009 na Matthew mwaka 2013, naye alikuwa mume mpole na baba mwema, bakhili wa maneno tu.

Mwaka 2011 rafiki yake Muhdhar, muuza vitu kuukuu karibu na msikiti wa Kitale, alimpatia mashine ya santuri na santuri moja ndani ya ganda jeusi tii, kazi ya kwanza ya vijana fulani wa ng'ambo, roki ya magitaa isiyoimbwa na mtu, nzito na yenye giza, ambayo wanamuziki wengi waliokuja baadaye, alivyotuambia, walichota humo, na tangu siku hiyo aliishika kwa ukingo tu kama mtu anayeshika yai, akaifuta kwa kitambaa laini, akaweka sindano, na nyumba nzima ikakaa kitako, kwanza mkwaruzo kama wa mahindi yanayokaangwa, kisha gitaa moja kwa mbali mpaka udhani ni la jirani, kisha kimya, kisha magitaa na ngoma zinaporomoka pamoja, na Ivy anasema hapo ndipo baba yake alipokuwa akifumba macho.

Jambo linalofuata Mama mwenyewe ameagiza lisomwe. Baba alipofariki, tulimzika tarehe 16 Agosti 2014, na katika matanga, watu wakiwa wamezoea muziki wa kuchezwa, Wekoye aliunganisha mashine yake na spika za kukodi, akitaka kumuaga baba kwa kitu alichokithamini, lakini ule mwanzo wa taratibu uliwachanganya vijana wa spika, wakasema ati spika imekufa bana, wakazungusha kitufe cha sauti hadi mwisho, na magitaa yalipoporomoka hema lilitikisika, ng'ombe aliyeletwa na wakwe akakata kamba na kupita katikati ya masufuria ya chai, wazee wakasema huyu mtoto amemtukana marehemu, na Mama, kwa uchungu wa mjane, akaamuru kitu hicho kisikanyage tena boma lake. Wekoye aliibeba santuri yake akarudi Kitale, na kwa miaka mingi alikuja hapa mikono mitupu, akakaa kidogo, akaondoka, Mama akiamini kwamba mwanawe alimdhihaki baba yake, naye akikosa maneno ya kumweleza.

Novemba 2024 aligunduliwa kuwa na saratani ya koo, akatibiwa Kitale na Eldoret, na Agosti 2025 akaomba kuletwa nyumbani, wakati huo sauti ikiwa imekwisha kabisa, na Mama alikaa kando ya kitanda akimuuliza hili na lile, akijibiwa kwa macho tu, mpaka siku moja akampigia Gladwell simu, akamwambia alete ile mashine.

Ilipigwa kwa sauti ya chini, Mama akauliza waimbaji wanaingia lini, akaambiwa hawaingii, akasikiliza ule utulivu, na ule mngurumo, na utulivu tena, na upande ulipokwisha akasema kimya kingi kina mshindo mkuu, si huyu ni Wanyonyi, na kwamba mtoto alimleta baba yake matangani na sisi tukamfukuza, hapo Wekoye akamshika mkono asiuachie, wakalia wote wawili, na kuanzia siku hiyo, kila baada ya chai ya saa kumi, Mama mwenyewe aliweka sindano.

Aliaga dunia asubuhi ya Jumatano, tarehe 11 Februari 2026, akiwa mikononi mwa Mama na mkewe, na sisi tumebaki na pengo ambalo hatujui tulizibe na nini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Kitale na Eldoret, majirani waliopika na kukesha nasi, wenzake wa upimaji, na Muhdhar, ambaye alileta sindano mpya ya mashine, ile ya zamani ilipoisha makali.

Kabla jeneza halijashushwa, upande wa kwanza wa santuri utapigwa hapa, kwa amri ya Mama Nangila, nasi tunawaomba vijana wa spika, kwa heshima zote, msiguse kitufe, mashine haijaharibika, mwanzo wake ndio huo.

Wekoye mwana wa Wanyonyi, pumzika kwa amani, leo hukuja mikono mitupu, na Mama ndiye anayeweka sindano.