Mwalimu Rusi na Ndege Anayemshinda Ng'ombe

Rusi wangu anastaafu! Miaka thelathini na minne, darasa la kwanza, shule ile ile ya Bwera, inakwisha muhula huu. Haya, hamjambo wote. Mimi ni Medius, mama yake mzazi. Mwalimu mkuu aliniomba niandike, basi asishangae nikisifu.

Nilimzaa kule kijijini Kyondo, nikamsomesha kwa kahawa, mimi niliyeishia darasa la nne. Akafika chuo cha ualimu. Nani mwingine kule mlimani alikuwa na binti wa chuo? Nitajieni.

Mwaka wa kumi kazini, mwanafunzi wake Phionah, mtoto wa miaka sita, alitumwa unga na mama yake mgonjwa. Alipewa sarafu ya mia tano, ile ndogo yenye ndege. Njiani watoto wakubwa wakamwambia, "Lete hiyo ndege kidogo, tukupe ng'ombe mukubwa." Wakampa sarafu ya mia, ile kubwa yenye ng'ombe. Akarudi nyumbani anacheka, bila unga. Siku hiyo mama yake alimeza dawa tumbo tupu. Mama huyo hakuumaliza mwaka ule, alifariki.

Rusi alilia mbele yangu. Tangu hapo hakuchora tena miduara ubaoni kufundishia pesa. Alinunua mkeka kwa mshahara wake, akamwaga juu yake sarafu za kweli, zimechanganyika. Anza na ndege: mia tano. Ongeza samaki: mia saba. Ng'ombe: mia nane. Swala: mia nane na hamsini.

Mtoto mmoja, jina lake Kambale, akabisha, "Mwalimu, ng'ombe iko na nyama mingi!" Rusi akamwambia, "Haya, mupeleke kwa Hajati Jamidah anayeuza mandazi, uone atakupa mangapi." Kambale alirudi na moja. Mwenzake mwenye ndege alirudi na matano. Ubishi ukaisha.

Hofu yangu ilikuwa mkeka ule. Rusi akiondoka, nani ataukalia? Siku hizi wanasema pesa iko kwenye simu. Mtoto anayetumwa chumvi ana simu gani?

Jamani, Phionah amekuwa mwalimu. Ameomba ahamishwe kutoka Kisinga, aje kuchukua darasa hilo. Amekubaliwa.

Asante, Rusi mwanangu. Pumzika, ule vizuri, uje Kyondo unisaidie kuanika kahawa.

Nanyi nyote, wa Kinyamaseke, wa Kisinga, wa sokoni: Rusi atamkabidhi Phionah mkeka mbele yetu. Kila mtu aje na ndege mmoja wa kuweka juu yake. Ni Ijumaa, tarehe 4 Desemba, saa nne asubuhi, pale shuleni Bwera.