Koti la Docta Gauthier

Juu ya nini kila mutu anayetaka kucheka anakuja kwangu? Gauthier ana mdomo wake, muulizeni yeye. Hapana, munataka bibi aongee, halafu mukifika nyumbani munasema bibi ana mdomo mrefu. Basi nitaiandika mara moja, ili mulango wangu upumzike. Shule nilisoma miaka miwili, kwa hiyo makosa ya herufi musinihesabie. Makosa ya Gauthier ndiyo muhesabu.

Kijiwe chetu kilikuwa mtaa wa Katoyi, kwenye kona, ubao mmoja juu ya mawe mawili meusi ya volkano. Mimi nilikuwa na mbabula yangu ya makaa, birika, vikombe vya plastiki, na makopo mawili ya maziwa ya unga yaliyokwisha. Kahawa ilitoka Butembo, na ukiionja leo hii wanayouza mjini utajua kwamba tulikuwa matajiri bila kuambiwa. Upande wa mbabula alikaa Sikuli, tuliyemwita Chukudu, kwa sababu alisukuma chukudu yake, ile baiskeli ya mbao, na mizigo ya kabichi kutoka Kibumba mpaka magoti yakagoma. Katikati alikaa Niyibizi, muzee wa Rutshuru, tuliyemwita Radio. Vita vilipomfukuza kwao aliacha ng'ombe na nyumba, akabeba radio. Na mwisho wa ubao, pahali palipo na ukuta wa kuegemea mgongo, alikaa Gauthier. Huyo tulimwita Docta. Hakuwa daktari wa kitu chochote. Alikuwa anawasomea watu Kifaransa cha kwenye pakiti za dawa, basi jina likamuingia kichwani.

Mwaka ule wa vita watu wa Rutshuru na Kiwanja walishuka na magodoro kichwani, na mizinga ilikuwa inasikika mpaka kwenye vikombe. Kati ya waliokuja kulikuwa Léoncie, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mukwe wa binamu ya Radio. Aliuza sambaza, samaki wadogo wa ziwa, kule Kituku. Uso wake ulikuwa umejaa chunusi, hizi ambazo watoto wa leo wanaziita butoni, kubwa, nyekundu, kwenye kidevu na mashavu mpaka shingoni. Si za usichana. Zilimuanza akiwa mutu mzima. Alijifunika kitenge, na kwenye barieri za barabarani wanajeshi walimwambia afunue, wakaitana waje waone.

Karte yake ya kitambulisho iliungua Kiwanja pamoja na nyumba. Na hapo ndipo shida yake ilikuwa. Serikali ilikuwa inakaribia kupiga watu foto kwa karte mpya za uchaguzi, na kwetu karte hiyo ndiyo mutu. Bila yake hupiti barieri, hupokei unga, hulali kwa amani. Foto ikipigwa, unatembea nayo miaka na miaka.

Akaniambia siku moja:

— Mama Kahambu, sitaki uso huu ukae ndani ya karte. Wataucheka mpaka nizeeke.

Daktari mmoja wa ngozi, mwanamke, alimuonea huruma, akampa vidonge. Alimueleza, na Léoncie akanieleza mimi: hata mwanamke ana homoni za kiume kidogo mwilini. Kwa wengine hizo homoni zinasumbua ngozi, inatoa mafuta mengi, chunusi zinazaliwa. Kidonge kinazifungia mulango. Lakini kinaenda polepole, inatakiwa miezi, na si cha kugawia mutu mwingine.

Kule kambini alikolala, chini ya bashi la plastiki, mvua ilikuwa inaingia na wezi pia. Basi vidonge akaviacha kwangu, ndani ya kopo la pili, karibu na la sukari. Kila asubuhi akienda Kituku alipita, akameza kimoja na maji, akaenda. Kwanza alimpa Gauthier karatasi ya dawa asome.

Gauthier akasoma, akakunja paji la uso.

— Hapa wanasema ni ya tansion, presha ya damu, na moyo. Chunusi wameiandika wapi?

— Daktari alisema inafanya kazi zote mbili.

— Kunywa tu. Mutu mgonjwa hachagui mulango.

Akanywa. Mwezi wa kwanza, kitu hakuna. Wa pili, kidevu kikaanza kutulia. Wa tatu, nilimuona Léoncie akipita na kitenge mabegani, si usoni, na Chukudu akasahau kuweka sukari. Nakumbuka asubuhi zile. Mizinga ilikuwa inapiga kule, na sisi tulikuwa tunafurahi juu ya kidevu cha mwanamke.

Halafu chunusi zikarudi. Na kidonge alikuwa anameza kila siku, mbele ya macho yangu.

Wakati huohuo, Gauthier akaanza kuvaa koti. Koti zito la marehemu kaka yake, vifungo mpaka kooni, jua likiwaka. Na tena alikuwa akikaa kidogo, anasimama, anaenda nyuma ya ukuta, anarudi, anasimama tena. Siku moja upepo ukafungua koti, akalifunga haraka. Haikusaidia. Chukudu alikuwa ameona.

— Docta, hicho kifua ni cha nani?

— Ni changu.

— Cha tangu lini? Mwezi jana ulikuwa bapa kama ubao huu.

— Nimenenepa.

— Unenepe wapi, na sisi wote tunakula unga wa kupimiwa? Mutu hanenepi pahali pawili tu.

Radio akazima radio yake, jambo ambalo hakulifanya hata siku ya kutangaziwa vita.

— Ni soya, akasema. Ule uji wa soya wanaogawa kambini. Soya inafanya mwanaume avimbe.

— Mimi naunywa kuliko yeye, Chukudu akasema. Angalia hapa. Mbavu.

— Wewe damu yako ni kali. Wahenga walisema, damu ni nzito kuliko maji. Yake imekuwa nyepesi, njo maana anakojoa hivi.

— Hiyo methali haisemi hivyo, mimi nikasema.

— Mama Kahambu, wewe mimina kahawa.

Nikamimina. Chukudu akavuta ubao karibu.

— Si soya. Ni ile hewa mubaya ya chini ya mawe, ile inayoua mbuzi mashimoni. Docta anakaa pale mwisho, kwenye ufa. Hewa inapanda, inamuingia kwa chini, ikifika kifuani inakosa njia.

— Kwa nini haitokei kooni? Radio akauliza.

— Koo amelifunga na vifungo.

Gauthier akasimama, akaenda nyuma ya ukuta. Tukangoja. Akarudi.

— Dalili ya mvua ni mawingu, Chukudu akasema.

— Nyamaza, wewe.

— Usikasirike, Docta. Asiyenyonya vizuri kwa mama yake, ulimwengu unamrudishia.

Radio akainamisha kichwa kama mutu anayetaka kusema siri ya serikali.

— Musikilize. Zile ndege ndogo zisizo na mutu, zinazozunguka juu usiku na mchana. Munafikiri zinapiga foto? Zinamwaga kitu. Kuna watu wamechoka na vita vya Kivu. Wamekaa, wamefikiri, wamesema: hawa wanaume tuwape maziwa kifuani. Mwanaume mwenye maziwa hashiki bunduki.

— Basi wamwage zaidi, nikasema. Waanze na wakubwa.

Hata Gauthier alicheka, akashika kifua, maana kilimuuma. Nilicheka pia. Leo nikipita kona ile nasikia kicheko kile kwanza, kabla ya kuona kwamba hakuna mutu. Lakini siku ile kicheko kilikufa haraka, kwa sababu Léoncie alikuwa amesimama mbele yetu na kitenge usoni. Alikuwa na shangazi yake, Mukashyaka, mama mnene aliyefika kutoka Kiwanja wiki ile na hakujua kitu cha kijiwe chetu.

— Mama Kahambu, Léoncie akasema. Foto ni juma lijalo. Angalia.

Akafunua. Kidevu kilikuwa kibaya kuliko mwanzo.

— Mimi nakunywa dawa. Wewe unaniona nakunywa. Dawa ilifanya kazi, sasa imeacha. Kopo liko kwako.

Akaliangalia kopo. Nilikuwa nimeuza kahawa pale tangu mwaka wa volkano, na hakuna mutu aliyewahi kuliangalia kopo langu kwa macho yale.

— Ni wivu, Radio akasema. Kuna mwanamke wa Kituku amemuroga.

— Ni samaki, Chukudu akasema. Mafuta ya sambaza yanapanda kwa mikono.

— Mbona uso ulipotulia yalikuwa hayapandi? nikauliza.

— Samaki wamebadilika. Nao wanakimbia vita.

Mukashyaka alikuwa amekaa, amepewa kikombe, anawaangalia mmoja mmoja kama mutu anayechagua maharagwe.

— Samahani, wazee. Mimi ni mugeni. Huyu mutoto wangu, chunusi zilimrudia lini?

— Baada ya Noeli, nikasema.

— Na huyu papa wa koti, kifua kilimuanza lini?

Chukudu akaanza kuhesabu kwa vidole.

— Baada ya Noeli, Radio akasema polepole.

— Kumbe. Basi niambieni kitu kimoja. Hiyo dawa, ni nani anaikunywa?

Chukudu akaangalia kikombe. Radio akawasha radio, ikakoroma, akaizima. Gauthier akanyoosha kikombe chake kwangu.

— Mama Kahambu, kuna kahawa?

— Kahawa imeisha, nikasema, na birika lilikuwa limejaa nusu.

Sasa nieleze desturi yetu, ili musinione mujinga. Kwenye kijiwe chetu kila mutu alijitia sukari mwenyewe. Nikienda kuchota maji, makopo yalibaki wazi, na mutu akiumwa kichwa aliuliza nani ana kidonge, kikavunjwa katikati kama sigara. Kitu cha kijiwe kilikuwa cha wote. Njo vile tulivyoishi, na tuliishi vizuri. Mutu akiingiza mkono kwenye makopo, nani angeuliza ni kopo gani?

Gauthier alifungua kifungo cha kwanza cha koti, pole pole.

— Pakiti ilisema moyo, akasema.

— Sema vizuri, Mukashyaka akamwambia. Tuko wengi.

— Moyo wangu unaruka. Tangu mizinga ya kwanza. Kila ikilia, unaruka mpaka hapa kooni, na kulala silali. Nyinyi wote munakuja hapa munacheka. Mimi ndiye Docta, niseme naogopa? Niliona dawa ya moyo iko pale, ya mwanamke anayeitumia juu ya uzuri. Nikasema uzuri unaweza kungoja.

— Na mimi nilikuwa nameza nini? Léoncie akauliza.

— Vya kichwa. Vyeupe pia. Nilinunua rejareja, nikaviweka mahali pa vile, ili mama asione vimepungua.

Radio alisema kitu kwa Kinyarwanda ambacho sitakiandika. Mimi nilichukua kopo, nikalisimamisha juu ya ubao mbele ya wote, nikamuangalia Léoncie. Aliniitika kwa kichwa. Hiyo ilinitosha.

— Una mbuzi? Mukashyaka akamuuliza Gauthier. Kwetu mutu wa namna hii anatoa mbuzi.

— Sitaki mbuzi wake, Léoncie akasema. Mbuzi ataliwa na nyinyi. Siku nitakayomhitaji nitamuita, na atakuja.

— Nitakuja, Gauthier akasema.

Yule daktari wa ngozi alimkemea Gauthier mpaka jasho likatoka, akamwambia aache, kifua kinaweza kushuka, kinaweza pia kisishuke chote. Juu ya moyo alimpima na kumwambia hauna ugonjwa, una woga, na kwa woga hakuna kidonge anachojua. Léoncie alipewa vidonge vingine, na hivyo vilikaa ndani ya sidiria yake. Lakini foto haikungoja. Alisimama mbele ya mashine na chunusi zote, yule kijana wa mashine akamwambia inua kidevu, akainua. Karte ikatoka ikiwa moto bado. Aliigeuza chini, hakuiangalia.

Miezi ikapita. Sasa sikilizeni mambo ya dunia. Dawa, ikinywewa na mwenyewe, ilifanya kazi. Uso ukasafika, ukabaki na vialama kidogo tu. Alikuwa mwanamke mzuri, kumbe, na sisi hatukujua. Na asubuhi moja kwenye barieri ya kwenda Kituku mwanajeshi akashika karte, akaangalia foto, akaangalia uso, akaangalia foto tena.

— Huyu si wewe. Umeiba karte ya mutu.

Wakamuweka pembeni na beseni lake la samaki. Siku zile mutu mwenye karte isiyo yake aliitwa mpelelezi, na wapelelezi hawakurudi nyumbani. Akatuma mutu mbio mpaka kijiweni.

— Léoncie anasema, siku yenyewe ni leo.

Gauthier akaweka kikombe chini. Mizinga ilikuwa inapiga upande wa Kibumba, namuona bado akifunga vifungo vya koti mpaka kooni. Alienda. Sisi tukamfuata, Chukudu na magoti yake, Radio na radio yake, mimi na birika mkononi, sijui juu ya nini.

— Ni yeye, Gauthier akamwambia mwanajeshi. Alikuwa na chunusi. Daktari alimpa dawa. Mimi niliiiba nikainywa, njo maana foto ni mubaya. Baadaye akainywa mwenyewe, njo maana uso ni muzuri.

— Dawa ya wanawake, wewe mwanaume ukainywa?

— Ndiyo, chef.

— Ushahidi uko wapi?

Gauthier alituangalia sisi, akaangalia Léoncie. Léoncie hakuangalia pembeni. Basi akafungua koti, kifungo kwa kifungo, halafu shati.

Wale wanajeshi walicheka mpaka mmoja akakaa chini kwenye mawe. Léoncie akachukua karte yake na beseni lake, akapita.

Kesho yake walikuwa wanajeshi wengine. Na kesho kutwa wengine. Kila zamu mpya iliangalia foto, ikaangalia uso, ikamweka Léoncie pembeni, na kila mara Gauthier aliacha kahawa yake ikipoa, akaenda. Kifua cha kushoto kilishuka. Cha kulia kilikataa. Mwishowe zamu za zamani zilianza kuzifundisha mpya, na mbali kabla hajafika ulisikia wanaita:

— Docta, fungua koti.

Akafungua. Alilipa hivyo asubuhi kwa asubuhi, na moyo ukimruka kwa mizinga, mpaka siku vita vilipoingia mjini na barieri yenyewe ikakimbia.