Mkebe wa Nne Kabla ya wa Tatu

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, na upande mmoja umelegea, kwa hiyo anayekaa huko sharti awe mzito au awe mvumilivu. Limeegemea ukuta wa kinyozi, linatazamana na jumba la sinema la zamani ng'ambo ya barabara, na hapo kila alasiri watu wazima wanne hunywa kahawa na kukataa kukubaliana. Kuna Profesa, kinyozi mwenyewe, aliyeacha shule mapema lakini hajaacha kufundisha. Kuna Breki, dereva mstaafu wa lori, aliyepewa jina hilo kwa sababu akianza kusema hana. Kuna Shangazi, mwenye birika na vikombe, ambaye si shangazi wa mtu yeyote pale ila hakuna anayethubutu kumwita vingine. Na kuna Taa. Huyu kwa miaka ishirini na sita alikuwa mwendesha mashine wa ile sinema: alikaa chumba cha juu, akazima taa watu wapige mbinja, akaziwasha watu wafiche machozi.

Siku hiyo Taa alikuwa na daftari gotini na roho juu. Mwenye jumba alikwishafariki, watoto wake wamepata mteja, na mteja anataka kuvunja ukuta wa mbele ili malori yaingie, pawe ghala la vigae. Ofisi ya majengo ya kale imesema inaweza kuliingiza jumba kwenye orodha ya yale yasiyobomolewa, mradi wakazi waandike ukurasa mmoja kueleza kwa nini. Mtu wa ofisi anakuja saa kumi kuuchukua. Ilikuwa saa tisa na nusu.

— Soma tulipofika, akasema Profesa.

Taa akasoma:

— "Sisi wakazi wa mtaa huu tunaomba jumba hili lisibomolewe kwa sababu."

— Kwa sababu nini?

— Ndiyo nawauliza tangu asubuhi!

— Usitufokee, bwana, akasema Breki. Andika viti. Vile viti vilikuwa vya chuma cha meli. Meli ilizama, wakaivua, wakatengeneza viti.

— Chuma cha meli! Profesa akaweka kikombe chini. Viti vya mbao vile, tena vina kunguni tuliokuwa tunajuana nao. Mimi nilinyoa vichwa vya mtaa huu mzima, najua kunguni wa sinema aling'ata wapi na wa nyumbani wapi.

— Kwa hiyo niandike kunguni? akauliza Taa.

— Andika historia. Kunguni ni historia.

— Sikilizeni, akasema Taa, na akajilazimisha kusema polepole, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Anakuja mtu wa serikali. Hana habari na sisi. Anataka kujua hapa palikuwa na nini hata pawe pa maana. Kitu kimoja tu. Kimoja ambacho sote wanne tunakikubali.

Shangazi akapangusa vikombe kwa kanga ya begani, akasema kama mtu aliyekwishamaliza ubishi:

— Basi andika ile ya koti jeupe. Hiyo mtaa mzima unaijua.

Taa akafumba macho. Aliomba kimoyomoyo wasifike huko, na sasa wamefika.

— Eeh! Breki akapiga paja. Ile ya jamaa anayezikwa, halafu anatoka kaburini anaoa! Hiyo ndiyo filamu. Siku hizi hawawezi kutengeneza kitu kama kile.

— Hakutoka kaburini, akasema Profesa. Mara ngapi niwaambie? Walikuwa pacha. Aliyezikwa nywele zake zimegawanywa kushoto, aliyeoa zimegawanywa kulia. Hilo mtu wa kawaida haoni. Mimi ni kinyozi.

— Pacha wapi! Alizikwa hai, akachimba. Kaburi lile na uwani kwa bibi harusi pamepakana, kuna ukuta tu. Akachimba chini kwa chini siku tatu akatokea harusini.

— Na koti jeupe alilooa nalo? akauliza Profesa.

— Alilivua akalishika mkononi, lisichafuke.

— Tazama mtu mzima anavyotia chumvi, akasema Shangazi. Huyo jamaa alikuwa maiti. Bibi harusi kaolewa na maiti. Kwani mlimwona akila pale harusini? Watu wote wanakula, yeye kashika kijiko tu. Maiti hali!

— Kijiko alikishika mkono wa kushoto, akasema Profesa, na marehemu alikuwa mtu wa mkono wa kulia. Pacha.

— Mimi nilimkataa mchumba kwa ajili ya filamu ile, Shangazi akaendelea, wala hakuwa anatania. Kijana mzuri, ana kazi yake, kaja kwetu na wazee wake. Kavaa koti jeupe. Nikamwambia mama, huyu simtaki, sijui ametoka wapi.

— Wewe afadhali, akasema Breki. Mimi siku ya kumzika baba mkwe niliwaambia watu wasifukie kwanza, wasubiri kidogo. Shemeji zangu hawasemi na mimi mpaka leo.

Taa aliwapenda watu hawa. Alikuwa amezeeka nao. Lakini saa ilikuwa inakimbilia kumi kasorobo, ukurasa una mstari mmoja usio na mkia, na siri aliyoibeba miaka thelathini na kitu ilikuwa inamkera kama jiwe ndani ya kiatu. Akafunga daftari.

— Nilikosea mkebe, akasema.

Wote wakamgeukia.

— Mkebe gani?

— Filamu zilikuwa zinakuja kwenye mikebe ya bati, mitano kwa filamu moja. Na nakala ilikuwa moja kwa sinema mbili. Wenzetu wa upande wa pili wa mji wakimaliza mkebe, mtu wa baiskeli anatuletea. Siku ile baiskeli ikapata pancha. Mkebe wa pili unakwisha, wa tatu haujafika, ila wa nne alikuwa amekwishauleta, aliubeba kimakosa badala ya wa tatu. Ninyi huko chini mnapiga miguu sakafuni mnataka kung'oa viti. Nikatia wa nne. Wa tatu ulipofika, nikautia huo. Basi. Harusi iko mkebe wa tatu, mazishi yako mkebe wa nne. Jamaa alioa kwanza, kisha akafa. Kama watu wote.

Pikipiki ikapita, ikaacha vumbi. Breki akakohoa. Taa akangoja. Alidhani watacheka, au watamtukana, na lolote kati ya hayo angelipokea kwa shukrani.

— Hapana, akasema Profesa.

— Hapana nini?

— Haiwezekani. Na wiki nzima ile je? Maana mimi niliiona mara tatu.

— Wiki nzima niliiacha hivyo hivyo. Siku ya pili watu walijaa mpaka ngazini, wametangaziana kwamba kuna mtu anafufuka. Mwenye jumba akaniambia nikigusa kitu sina kazi.

— Taa, ndugu yangu, akasema Breki kwa upole, kama anayezungumza na mgonjwa. Wewe filamu ile uliiona?

— Nilikuwa naionyesha mimi!

— Sikuulizi kuonyesha. Ulikuwa huko juu na mashine yako, unapaka mafuta, unaunga mikanda iliyokatika. Sisi ndio tulikuwa chini, macho makavu, mwanzo mpaka mwisho. Sasa wewe na sisi, nani anajua kilichotokea?

— Usimlaumu, akasema Shangazi. Umri huo.

Taa alitaka kulia na alitaka kumwaga birika. Hakufanya hata moja, kwa sababu binti mwenye faili kwapani alikuwa amesimama mbele yao, viatu vyake vimejaa vumbi la barabara.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu, wakaitikia kwa pamoja, na ndilo lililokuwa jambo la kwanza kukubaliana siku hiyo.

Alikuwa mtu wa ofisi. Shangazi akampisha upande usiolegea wa benchi, akampa kahawa bila kumwuliza. Binti akapokea daftari la Taa, akasoma ule mstari mmoja, akageuza ukurasa kutafuta mwingine, akalirudisha kwa adabu.

— Si neno, akasema. Hii barua inaweza kufuata kesho. Cha lazima leo ni fomu ya mashahidi. Wenyeji watatu waliokuwa wakiingia humo kama watazamaji.

— Umefika penyewe, akasema Breki, na akajivuta mbele. Andika Breki.

Akawaandika watatu, majina yao ya vitambulisho, ambayo wenyewe walichelewa kuyaitikia. Taa akauliza kama na yeye anafaa. Binti akamwuliza alikuwa na shughuli gani humo. Taa akasema.

— Wafanyakazi hawahesabiwi, babu. Labda kama kuna siku uliwahi kukaa kwenye kiti ukaangalia, kama wengine.

Taa akafikiri kweli, kwa uaminifu. Miaka ishirini na sita. Alikuwa amevifagia viti vile, amevipigilia misumari, ameviombea radhi kwa wateja waliochaniwa nguo. Hakuwahi kukikalia hata kimoja taa zikiwa zimezimwa.

— Hapana, akasema.

— Haya, hawa wanatosha. Jina, umri, makazi, tumemaliza. Binti akashusha kalamu. Swali la nne. Mara ya mwisho kuingia humu kuangalia filamu ilikuwa lini? Mwezi na mwaka.

Breki akacheka.

— Tuliingia mara nyingi mno, mwanangu. Utajaza faili.

— Ya mwisho tu, baba.

Breki akamtazama Profesa. Profesa akatazama kucha zake.

— Weka mwaka ule lilipofungwa, akasema Profesa.

— Mlikuwepo?

— Tulikuwa hapa hapa mtaani.

— Ndani, nauliza. Binti hakuwa mkali hata kidogo, alitaka tu kujaza nafasi. Wakubwa wangu wanaangalia hilo kwanza. Kama watu walikuwa wakiingia mpaka mwisho, wanasema jumba lilichukuliwa kutoka kwa wenyewe. Kama lilikuwa limekwishaachwa, faili linarudi, na jumba haliingii kwenye orodha.

— Mimi nilipopata televisheni, akaanza Shangazi, kisha akapangusa kikombe kilichokwisha kupanguswa.

— Kulikuwa na vibanda vya video wakati ule, akasema Breki. Unakaa, unakunywa soda yako. Lakini moyo ulikuwa huku.

Kalamu ya binti ilikuwa bado hewani. Taa alikuwa na nafasi ya kudanganya, na alijua. Angetaja mwezi wowote na hakuna mtu duniani angempinga. Alifungua mdomo kwa ajili hiyo hiyo.

— Hawakuwepo, akasema.

— Taa! Shangazi akamkata jicho.

— Hamkuwepo! Miezi minne ya mwisho nilifungua kila siku. Saa kumi, na saa moja. Nilikuwa nawasha mashine, nazima taa, nachungulia kitundu changu: viti mia tatu na hakuna mtu. Na filamu ikishaanza siwezi kuikata, nilifundishwa hivyo, basi naionyesha mpaka mwisho. Nikichoka kutazama viti nageukia dirisha la upande wa barabara. Mnajua nilikuwa naona nini? Ninyi! Benchi hili! Breki anarusha mikono, Profesa anafundisha, birika linachemka. Mnabishana habari za filamu, mmeikodolea sinema macho hivi hivi, na mimi niko juu naionyesha kwa kuta! Leo mnaniambia moyo ulikuwa huku!

Hakuwahi kuinua sauti kiasi kile tangu wamjue. Shangazi alijifunika mdomo kwa kanga. Breki, kwa mara ya kwanza, alikuwa na breki.

Binti aliyatazama madirisha ya juu ng'ambo ya barabara, kisha akamtazama Taa.

— Na wewe, babu, akauliza, kwa sababu kweli alitaka kujua. Uliwahi kushuka ukawaita?

Taa akaipima barabara kwa macho.

Barabara ile unaivuka kabla hujamaliza kukohoa. Angeweza kusimama mlangoni na kupiga mluzi tu. Miezi minne alikuwa amekasirika dirishani, akingoja wajijue, wajione haya, waje wenyewe. Na kadiri walivyochelewa ndivyo alivyojiona ana haki. Kuwaita hakukumjia akilini. Au kulimjia, na akaona ni kujidhalilisha. Hata yeye hakuweza kusema ni lipi kati ya hayo.

— Ungetuita tungekuja, akasema Breki, sauti iko chini.

Profesa alitikisa kichwa, lakini haikujulikana anakubali au anakataa, na hakuna aliyemwuliza.

Binti akasubiri kwa heshima kadiri alivyoweza. Kisha akavuta kistari kifupi kwenye nafasi ya swali la nne, akageuza ukurasa, akasoma la tano.